Kwa fundi cherehani mfano upo, darasani haupo

Kuna jambo dogo la huku Uingereza ambalo kila nikiliona roho inafurahi na kuuma kwa wakati mmoja. Kabla mwanafunzi hajaambiwa aandike chochote, mwalimu anaweka daftari la mwanafunzi wa mwaka jana chini ya kamera ndogo ya mezani, jina limefunikwa, na ukurasa mzima unatokea ukutani. "Hii ilipata 14 kati ya 20. Haya, nani aniambie kwa nini haikupata 18?" Wanabishana robo saa. Halafu ndipo kalamu zinashikwa.

Nyumbani Tanzania inavyokuwa tunajua sote. Ubaoni: "Andika insha ya maneno 250 kuhusu umuhimu wa misitu. Mwisho wa kukusanya Ijumaa." Madaftari yanabebwa hadi ofisini, yanarudi baada ya wiki mbili yakiwa na 9/20 na maneno mawili ya wino mwekundu: "Ongeza bidii." Bidii ya kufanya nini? Mtoto hajawahi kuiona insha ya 16 tangu azaliwe. Anadhani 16 ni insha ndefu zaidi, au yenye mwandiko mzuri zaidi, na mara ya pili anaandika kurasa nne badala ya mbili, kwa makosa yale yale.

Mwaka 1989 mtaalamu wa tathmini wa Australia, Royce Sadler, aliliweka wazi jambo hili: mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake mpaka awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile aliyonayo mwalimu kichwani, aweze kupima kazi yake kwa picha hiyo, na ajue cha kufanya ili kuziba pengo. Sisi picha hiyo tunaifungia kabatini pamoja na mwongozo wa kusahihishia.

Najua kuna atakayesema: "Huyu naye, kakanyaga theluji miaka miwili mitatu, leo anatufundisha kufundisha." Ndugu yangu, sijasema hili ni la wazungu. Ingia kwa fundi cherehani yeyote Kariakoo uone ukutani: bango la mishono limejaa mpaka darini, na mteja ananyoosha kidole, "Nataka kama hii, ila mkono uwe mfupi." Kijana anayejifunza useremala anaanza kwa kukigeuza juu chini kiti kilichokwisha, aone maungio yamekaaje. Anayejifunza kushona kofia za mkono ana kofia iliyokamilika mbele yake, anahesabu vitobo. Elimu hii ni yetu. Tumeiacha mlangoni pa shule tu.

Wala tusisingizie ukosefu wa vifaa, maana kifaa kipo, na hapa najivunia nchi yangu bila kusitasita. Bodi za mitihani za Uingereza, AQA kwa mfano, huchapisha majibu halisi ya watahiniwa na maelezo ya msahihishaji. NECTA, Baraza letu la Mitihani la Tanzania, nao wanafanya hivyo! Taarifa zao za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zipo mtandaoni, somo kwa somo, na ndani yake kuna vipande vya majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, vilivyo sahihi na vilivyokosewa, na sababu zimeelezwa. Hazina hiyo ni bure. Halafu unaongea na mwalimu wa Kidato cha Nne, mtu makini kabisa, anakuambia hajawahi kuifungua. Inachosha moyo.

Wengine watasema, "Ukiwaonyesha, watakopi." Hofu hiyo ina msingi, siidharau. Sote tumesahihisha ile insha inayoanza "Jogoo wa kwanza alipowika nilirauka," madaftari arobaini kwa mkupuo. Lakini tazama ilikotoka: kitabu kina insha moja, kamilifu, imeandikwa na mtu mzima, na hakuna aliyeifungua mbele ya darasa kuonyesha inavyofanya kazi. Mfano mmoja huwa kiolezo, mtoto anabadilisha majina tu. Weka mitatu, wa juu, wa kati na wa chini, na mada isiwe ile watakayoandika. Kama kesho wanaandika kuhusu maji, leo waonyeshe misitu.

Na si lazima insha nzima. Aya mbili zinatosha. Ya kwanza: "Misitu ina faida nyingi sana katika jamii yetu. Misitu huleta mvua. Pia misitu huleta hewa safi. Vilevile misitu hutupatia kuni." Ya pili: "Misitu hushikilia udongo. Kwenye miteremko ya Usambara, shamba lililofyekwa miti yote hupoteza udongo wa juu mvua kubwa inaponyesha, kwa sababu hakuna mizizi ya kuuzuia, na mwaka unaofuata mahindi hayastawi." Usiseme ipi ni bora. Waache wazipange kwa ubora, wawili wawili, kisha waulize: ya pili imefanya nini ambacho ya kwanza haikufanya? Watakuambia wenyewe: imeshika hoja moja, imetaja mahali, imetoa sababu, imefika kwenye matokeo. Maneno yao hayo yaandike pembeni ya ubao. Kisha futa aya zote mbili, acha yale maneno, waandike.

Kufuta ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mfano ukibaki ubaoni wakati wa kuandika, macho hayabanduki hapo. Huku nako wanakosea papo hapo: wanabandika kazi nzuri ukutani mwaka mzima, pamoja na vianzio vya sentensi, mwisho darasa zima linaandika kwa sauti moja. Kosa jingine ni mwalimu kuandika mfano yeye mwenyewe, mtamu mno, na mtoto wa 7/20 akauona ni mlima asioupanda. Mpe wa 13 kwanza.

"Darasa lina wanafunzi 90, umeme wa kubahatisha, unatuambia habari za kamera?" Kamera iache. Karatasi mbili za manila na kalamu nene, aya moja kila karatasi, herufi za kusomeka kutoka dawati la nyuma. Zikunje, zitumike mkondo A, B na C, na mwakani tena. Kunakili kwenye manila kuna faida ambayo hata kamera haina: mwandiko unakuwa mmoja. Ukionyesha madaftari yenyewe, wanafunzi huchagua lenye mwandiko safi na kurasa nyingi, na nusu ya kipindi inaishia kuwaondoa huko.

Rundo la wiki hii, kabla hujalirudisha, toa madaftari matatu. Waombe ruhusa wenyewe, yule wa alama za chini umwombe faraghani na umhakikishie kwamba jina halitatajwa, na ikiwezekana kazi yake iende mkondo mwingine, kusiko na anayeujua mwandiko wake. Funika majina, piga picha kwa simu, andika alama na tarehe. Ukifanya hivyo mara moja kila muhula, kwa mihula mitatu utakuwa na kazi tisa.