Stoo ya nani hiyo?

“Dokta, imekubali!”

Ndivyo alivyoingia kijana wetu wa shahada ya uzamili, laptopu mkononi. Na kweli ilikuwa imekubali. AiZynthFinder, programu ya kupanga namna ya kutengeneza molekuli, imempa njia ya hatua nne, na kila molekuli ya kuanzia ina fremu ya kijani, yaani ipo stoo. Nikamuuliza, stoo ya nani? Akabaki ananitazama.

Hasira zangu si za kijana. Yeye kafuata maelekezo kama yalivyo: shusha programu, shusha modeli, shusha faili la stoo (orodha ya molekuli zinazohesabiwa kuwa zinapatikana), bonyeza. Faili lenyewe limetokana na ZINC, hifadhidata ya molekuli zinazouzwa, na lina takriban molekuli milioni 17. Milioni kumi na saba! Sisi huku asetoni ya kusuuzia vyombo tunagawana kwa kipimo.

Tangu wanakemia Corey na Wipke walipotangaza mwaka 1969 kwamba kompyuta inaweza kusaidia kupanga usanisi, yaani utengenezaji wa molekuli, watu wa fani hii hawajachoka kubishana kuhusu akili ya mashine. Kanuni ziandikwe kwa mkono au zijifunze zenyewe kutoka kwenye hataza za Marekani? Tutafute kwa Monte Carlo (kujaribu njia kwa bahati nasibu) au kwa namna nyingine? Mabishano matamu, hata mimi nayapenda. Lakini mashine hizi kazi yao ni ile ile: inachukua molekuli unayoitaka, inaikata, inakata vipande vyake, inakata tena, mpaka ifike kwenye vitu vilivyomo ndani ya orodha. Orodha ndiyo inayosema simama. Badilisha orodha peke yake, kingine chochote usikiguse, utapata njia tofauti kabisa au utaambiwa njia hakuna. Na orodha hiyo ndiyo tunayoishusha bila hata kuifungua tuone ndani mna nini.

Chukua artesuneti, ile sindano ya malaria kali. Artemisinini ikiwemo kwenye orodha, kazi ni ya hatua mbili: unaiongezea haidrojeni kwa sodiamu borohaidraidi upate dihaidroartemisinini, kisha unaipachika anhidridi ya saksiniki. Basi. Ukiifuta artemisinini kwenye orodha, mashine inabaki uso kwa uso na lile daraja la peroksidi na pete zake zilizokumbatiana, na hapo utaiona inavyotapatapa. Sasa, mmea unaotoa artemisinini, Artemisia annua, umelimwa Kenya na Tanzania kwa ajili hiyo hiyo ya kukamuliwa. Kwa mtu mwingine artemisinini ni unga wa miligramu wa kulipia kwa dola. Kwetu ingeweza kuwa ndiyo malighafi ya kuanzia, tena kwa kilo. Mtandao wa neva, yaani hiyo akili ya mashine, hautakuja kulijua hilo wenyewe. Lazima mtu akae aliandike.

(Halafu tazameni: ile borohaidraidi kwenye mchoro haionekani kabisa. Programu nyingi za aina hii hukagua stoo kwa molekuli zinazochangia kiunzi tu, zile ambazo atomi zake kuu zinabaki ndani ya molekuli ya mwisho. Vitendanishi vingine vinahesabiwa kwamba vipo, Mungu atajalia. Na hiyo borohaidraidi ndiyo inayosafirishwa kama mzigo hatari, kwa sababu ikigusana na maji inatoa haidrojeni.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijani ni kimoja kwa kila kitu. Chupa iliyopo rafuni, kijani. Kitu cha kuagiza Ulaya na kukisubiri forodhani, kijani kile kile. Anhidridi ya asetiki, ambayo imo kwenye Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya kwa kuwa ndiyo inayogeuza mofini kuwa heroini, nayo kijani. Iagize basi bila vibali tuone. Kuna na wanaochomeka humo humo molekuli za Enamine REAL, katalogi ya kampuni ya Enamine yenye mabilioni ya vitu ambavyo vingi havijawahi kutengenezwa na mtu. Unaagiza ndipo vitengenezwe. Biashara nzuri, sina neno nayo. Lakini kukiweka kitu kama hicho kwenye orodha moja na chupa ninayoweza kuishika sasa hivi ni kudanganyana mchana kweupe.

Wala msiniambie programu ndiyo inayotubana. AiZynthFinder inapokea stoo zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na unaweza kuiwekea kikomo cha bei. ASKCOS, programu nyingine ya aina hii, inakuruhusu kuweka bei ya juu kabisa kwa gramu. Uwezo upo, uvivu ni wetu.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: ukitaka kulinganisha modeli yako na ya mwenzako, lazima mtumie orodha moja, na ZINC inafaa kwa hilo. Andika makala yako, pata sifa zako. Ila usije nayo maabara kesho yake ukasema tuna mpango.

Mzee wetu wa stoo ana kaunta buku. Kila chupa ina mstari wake: imefunguliwa lini, nani kachota, imebaki kiasi gani, na pembeni kwa kalamu nyekundu, “imeganda” au “inanuka, msitumie”. Katalogi gani ya mabilioni itakwambia kitu kinanuka? Daftari hilo ndilo liingizwe kwenye kompyuta, na kila molekuli iwe na SMILES yake (muundo ulioandikwa kwa herufi), InChIKey yake (msimbo wa kuitambulisha), kiasi, tarehe na ilikotoka.

Tena InChIKey nzima, tafadhali. Nimekutana na orodha ambayo mtu “kaisafisha” kwa kubakiza herufi 14 za mwanzo. L-alanini ni QNAYBMKLOCPYGJ-REOHCLBHSA-N, D-alanini, pacha wake wa kwenye kioo, ni QNAYBMKLOCPYGJ-UWTATZPHSA-N. Kata hapo kwenye kistari, umeshazifanya kitu kimoja, na mashine itakuahidi D kwa sababu una L kabatini. Na amini zilizohifadhiwa kama chumvi ya haidrokloridi ziandikwe pia bila chumvi, la sivyo mashine haitazitambua.

Tangazo la mwisho, kwa wa maabara yetu tu. Faili linaloitwa stoo_mpya_FINAL2 kwenye kompyuta ya dirishani nalifuta Ijumaa. Halina tarehe, halina mwenyewe, na linadai tuna gramu 100 za paladiamu asetati. Kama ni kweli, aliyezificha azilete, tuuze tulipie deni la naitrojeni.