Kanisa la Thogoto na mwaka tunaouruka

Wamisionari wa Kiskoti walianzia Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawashinda, na mwaka 1898 wakahamia Thogoto, huko Kikuyu. Mmoja wao, Thomas Watson, alifariki 1900, wakati wa njaa kuu na ndui. Mjane wake, Minnie, alibaki Thogoto akifundisha kwa miaka mingi, na alipofariki kwao 1949 majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mumewe. Jomo Kenyatta alisomea hapo na kubatizwa 1914.

Hayo yote husimuliwa kwa fahari, na yanastahili. Kinachoniuma ni jinsi tunavyosimulia kanisa lenyewe la PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki), Church of the Torch. Tunasema jiwe la msingi liliwekwa 1928 na kanisa likafunguliwa 1933, kisha tunaanza kusifu mawe. Mwaka 1929 tunauruka.

Mwaka huo misheni, chini ya Dkt. John Arthur, iliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji. Asiyejua kuandika alichovya kidole gumba kwenye wino akaweka alama, ndiyo kirore. Aliyekataa alitengwa. Kwa Wakikuyu wengi, waliokwisha kupoteza mashamba kwa walowezi, kidole kwenye karatasi ya mzungu kilikuwa jambo la kutisha. Waumini wengi mno wakaondoka. Watu wakaimba wimbo wa Muthirigu kuwakejeli wamisionari mpaka serikali ikaupiga marufuku. Waliotoka wakajenga shule zao huru, kwa michango yao wenyewe.

Mimi napinga ukeketaji bila kigugumizi, na naamini Arthur aliona sawa kuhusu maumivu ya wasichana wale. Lakini kumlazimisha mtu achague kati ya kanisa na ukoo wake kwa alama ya kidole kulipasua nyumba za watu, ndugu wa tumbo moja wakakwepana njiani.

Sasa Thogoto inamezwa na Nairobi. Mashamba yanageuka nyumba za kupanga, na wanaoabudu hapo wengi ni wahamiaji wasiojua lolote kuhusu kirore. Fedha za kutunza jengo zikipatikana, sehemu yake itumike kuwarekodi wazee waliosimuliwa na wazazi wao, wa familia zilizobaki na zilizoondoka. Na maelezo ya wageni yaandike 1929 wazi, kwa herufi kubwa sawa na zile za 1933.