Tovuti ya poka: kabla ya bonasi, uliza makato

Kwa vijana wa Sinza na Kariakoo waliochoshwa na mikeka ya mpira, poka ya mtandaoni, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, ina mvuto mmoja: hushindani na kampuni. Ni kweli. Kwenye mkeka, faida ya kampuni imeshapangwa ndani ya odi. Kwenye poka unakula hela ya mchezaji mwenzako, na anayejua mchezo ana nafasi kuliko anayebahatisha. Mwaka 2003, mhasibu Mmarekani Chris Moneymaker aliingia shindano la mtandaoni kwa dola 86, likamfikisha kwenye ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas, akaondoka na dola milioni 2.5. Wangekuwa wengi wa aina yake, tusingekuwa tunamtaja yeye hadi leo.

Tovuti nayo haikupi meza bure. Nyingi hukata karibu asilimia 5 ya hela inayogombaniwa. Inaonekana ndogo, basi tupige hesabu. Watu sita wamekaa, kila mmoja na dola 10, na wastani wa makato ni senti 5 kwa kila mgao wa karata. Mtandaoni migao 70 kwa saa ni jambo la kawaida, kwa hiyo saa moja ni dola 3.50. Mkicheza saa kumi, dola 35 kati ya 60 zimeshaondoka na hakuna hata mmoja wenu aliyezila. Mchezaji mzuri kidogo tu kuliko wenzake bado anapoteza. Isitoshe, makato huwa na kikomo ambacho meza za matajiri hukifikia upesi, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo ndiye anayekamuliwa zaidi. Ile bonasi ya asilimia 100 unayoahidiwa ukiweka hela? Mara nyingi hutolewa kidogo kidogo kadiri unavyokatwa.

Kuhusu usalama, tovuti kubwa hupeleka mfumo wao wa kuchanganya karata ukaguliwe na maabara huru, na hilo silidharau. Lakini tovuti ya Full Tilt Poker nayo ilikuwa kubwa. Marekani ilipoifungia Aprili 2011, ilibainika haina hela ya kuwalipa wachezaji. Walianza kulipwa baada ya tovuti pinzani, PokerStars, kuinunua mwaka 2012. Kwa hiyo soma masharti uone kama hela za wachezaji zinatunzwa kando na za kampuni.

Kwa mtu wa Dar kuna jingine. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia wenye leseni ya hapa; leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibea, haikupi pa kulalamikia ukiwa Mwenge. Na usijifiche nyuma ya VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, ukidhani umewazidi ujanja. Kuweka hela ni rahisi. Kitambulisho huulizwa siku ya kutoa, na akaunti ikaganda hapo hapo. Mimi ningetuma kitambulisho kwanza, nikaweka kiasi kidogo, nikatoa sehemu yake kabla sijacheza kwa dhati. Tovuti inayosuasua kwa dola 10 haitabadilika kwa dola 1,000.

Saa nazo ni gharama. Mashindano makubwa hupangwa kwa jioni ya Ulaya, yaani huku saa nne au saa tano usiku, na yanaweza kwenda hadi alfajiri. Bando likikata katikati, mchezo haukusubiri: madau ya lazima yanaendelea kukatwa kwenye chipu zako hadi urudi au ziishe.