Stakabadhi 108 na Kisanduku cha Mwenza

"Mwenza wako anafanya kazi gani?" Afisa mikopo wa benki nilikoomba mkopo wa nyumba aliuliza bila kuinua macho. Nikamjibu sina mwenza, nina watoto wawili. Akapiga mstari juu ya kisanduku cha mwenza kwenye fomu, kisha akataka kujua kama nina kaka au mjomba wa kunidhamini.

Nilikuwa na bahasha yenye stakabadhi za kodi ya pango za miaka 9. Miezi 108, na hakuna hata mmoja niliochelewa. Kuna miezi nililipa kodi kwanza, ndipo nikaanza kuwaza watoto watakula nini. Bahasha hakuifungua. "Hizi ni za kupanga tu," alisema, akairudisha upande wangu wa meza.

Ugomvi wangu uko hapo. Kwa hesabu yake mwenyewe, rejesho la mwezi lilikaribia kulingana na kodi ninayolipa sasa. Kwa mwenye nyumba naaminika, kwa benki siaminiki, na kiasi ni kilekile.

Wapo wa kutuambia tujibane, tuweke akiba. Haya. Malipo ya awali, mara nyingi asilimia 10 au 20 ya bei, ni mwanzo tu. Bado kuna mwanasheria, mthamini, bima na ada za kuhamisha hati, na aghalabu hizo zinatakiwa taslimu. Kwa kipato kimoja, kuweka akiba ni kuteka maji kwa pakacha. Mtoto anaugua, kodi inapanda, na bei ya nyumba haikungoji.

Hofu ya benki naielewa, tena nimeipigia hesabu. Chukua mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio, marejesho yakiwa sawa kila mwezi. Kwa kila 100 uliyokopa, baada ya miaka 5 umeshalipa kama 58, lakini deni limepungua kwa 10 tu. Nyingine yote imekwenda kwenye riba. Penye mishahara miwili, mmoja ukikatika mwingine unashikilia. Wangu ukikatika, hakuna wa kushikilia, na katika miaka hiyo ya mwanzo ningetoka karibu mikono mitupu. Ningekuwa mimi ndiye mkopeshaji, ningeogopa pia. Ila ningefungua bahasha.

Mbona wengine waliweza? Benki ya Grameen ya Bangladesh ilianza kutoa mikopo ya nyumba mwaka 1984 kwa maskini wasio na dhamana. Walichotazama ni jinsi mtu alivyorejesha mikopo yake midogo ya nyuma. Nyumba zenyewe hazikuwa za fahari: nguzo 4 za zege, mabati, choo. Tena walitaka ardhi iandikwe kwa jina la mwanamke, ili asije akafukuzwa kwenye nyumba anayoilipia. Mwaka 1989 mpango huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Sidai nyumba ya bure. Nadai kodi ihesabiwe kama rejesho la mkopo linavyohesabiwa. Nanyi wenzangu mnaolipa mkononi bila karatasi, acheni hiyo tabia. Daini stakabadhi hata kama mwenye nyumba ni rafiki.

Kwetu hairuhusiwi kupiga msumari ukutani. Michoro ya binti yangu imeegemezwa juu ya kabati, mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele tu ndio unaoonekana. Jioni niliporudi kutoka benki aliniuliza, "Mama, kwenye yetu nitaruhusiwa misumari mingapi?" Nikamwambia ahesabu michoro kwanza.

Stakabadhi ya 109 nimepewa juzi. Jumatatu naipeleka bahasha benki nyingine.