Kijana Wetu wa Darasa la Kumi

Kwa siku tisa, mwaka juzi, mimi nilikuwa tajiri. Tatizo hakuna aliyeniambia. Ningejua ningetembea kwa maringo kidogo, hata zamu ya usiku ningeiacha. Lakini utajiri wenyewe ulikuwa kwenye karatasi, karatasi iko ofisini kwa watu, na mimi niko ghalani nabeba maboksi kama punda wa kukodi.

Ilianza tulipohama mji, hapa hapa Marekani. Kule tulikotoka watoto wote wa shule walikuwa wanakula bure, kwa sababu familia nyingi za eneo lile zilikuwa tayari kwenye misaada ya serikali na shule ikaona haina haja ya kumhoji mzazi mmoja mmoja. Mtoto anachukua sinia, anakula, anarudisha sinia, kwisha. Nikajua ndivyo Marekani ilivyo. Tulipofika mji mpya sikuuliza kitu. Wiki ya pili, kijana wangu wa darasa la sita akarudi na bahasha.

"Baba, tunadaiwa."

"Nani anadaiwa?"

"Mimi na dada. Dola arobaini na moja na senti thelathini."

"Mmekopa nini?"

"Tumekula."

Nikakaa chini. Nilipopiga hesabu niliona hawajatuonea: sahani moja dola 2.95, watoto wawili, siku saba. Lakini deni la kula linauma kuliko deni jingine lolote, maana mali yenyewe haipo tena ya kurudisha.

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya kuomba chakula cha bure au cha bei ya punguzo. Kwa kawaida karatasi zote za nyumba hii anazijaza mke wangu. Wiki ile alikuwa na mtihani, tena anatoka kazini kwenye nyumba ya wazee saa mbili usiku amechoka. Nikamwambia, "Mama watoto, niachie mimi. Fomu ni fomu." Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda kulala.

Niliijaza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimetoka zamu, chai mkononi, jicho moja limeshalala.

Niseme kwanza kwamba fomu yenyewe si katili. Fomu ni moja kwa familia nzima, si moja kwa kila mtoto. Hakuna pahala inapokuuliza uraia wala viza. Inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima mmoja, na kama huna, kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba huna, mnaendelea. Nayasema haya kwa sababu jirani yetu mmoja alilipa mwaka mzima bei kamili akiogopa kwamba fomu ya wali wa shule itampeleka uhamiaji.

Kilichoniponza mimi ni sentensi moja. Ilitaka niorodheshe kila mtu ninayeishi naye na tunayeshirikiana kipato na matumizi, hata kama si ndugu. Kwa usingizi ule, maneno ya mwanzo yalipita kama basi la haraka. Jicho langu lilitua kwenye "tunayeshirikiana kipato", na kalamu ikaanza kukimbia.

Mimi, mke wangu, watoto watatu pamoja na yule mchanga: watano. Halafu mama yangu, maana tarehe mbili ya kila mwezi hela isipoingia kwenye simu yake, tarehe tatu yangu inaita. Mama mkwe, huyo hata sitoi maelezo. Mdogo wangu aliye chuo. Shangazi wa mguu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu, na mdogo wake wa darasa la nne, ambao ada zao nazifahamu kuliko ninavyofahamu kodi yangu ya nyumba. Mistari iliisha nikiwa kwa shangazi. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaendeleza, nikabana kwa pini. Jumla watu kumi na mmoja.

Na pale chini unaposaini kwamba ulichoandika ni kweli, nilisaini kwa moyo mweupe. Ukiniuliza nani wanakula mshahara wangu, ndio hao.

Kwa mpwa wangu walitaka darasa. Kidato cha tatu ni nini kwa Kimarekani? Nikahesabu kwa vidole: msingi saba, jumlisha tatu. Darasa la kumi. Nilijiona msomi kabisa.

Ikabaki sehemu ya kipato. Mke wangu analipwa kila wiki, dola 310, hiyo ilikaa vizuri. Yangu, inayokuja kila wiki mbili, ilikuwa 1,386 na senti 50 kwenye ile karatasi ya malipo. Nikatafuta nukta kwenye visanduku, hakuna. Nikasema basi, nukta wataiweka wenyewe, hao ni watu wa ofisi. Nikaandika moja, tatu, nane, sita, tano, na ile sifuri ya mwisho, kwa kuwa visanduku vilikuwa vimekwisha, nikaibana pembeni.

Sheria inawapa siku kumi za shule kukujibu. Siku ya tisa, saa tano na nusu mchana, mimi niko kwenye usingizi ule wa mtu wa zamu ya usiku, usingizi wa kisimani, simu ikalia.

"Habari, bwana. Nakupigia kutoka ofisi ya chakula ya shule. Kijana wako hatumpati."

Kuna maneno yanamwamsha mtu kuanzia miguuni. Nilikuwa mlangoni kabla sijafumbua macho.

"Hamumpati vipi?"

"Tumemtafuta kote, bwana. Hayumo."

Aliendelea kusema kitu, lakini simu nilishaitupa kwenye kiti cha gari na gari lilishatoka. Mwezi wa kumi, baridi ya kuuma masikio. Nilikuwa nimevaa fulana, msuli, na kandambili, moja yangu na moja ya mke wangu.

Shule za huku hazina lile geti la kumsalimia mlinzi ukapita. Mlango umefungwa, pembeni kuna kitufe na kamera. Nikabonyeza.

"Nikusaidie nini?" sauti ikatoka ukutani.

"Mwanangu amepotea!"

Kimya. Nadhani walikuwa wanaangalia kamera. Sijui waliona nini kwanza, msuli au miguu.

"Tuonyeshe kitambulisho, tafadhali."

Nikapeleka mkono mfukoni. Msuli hauna mfuko. Kitambulisho kiko kwenye suruali, suruali iko nyumbani, na kwa vile nilifunga fundo kwa haraka, hata huo mkono mmoja sikupaswa kuuondoa pale ulipokuwa umeshika. Nikasimama mbele ya kamera ya serikali, mkono kiunoni, nikataja jina la mwanangu, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mwalimu wake, hata mzio wake wa karanga.

Katibu alikuja mwenyewe mlangoni, akanifungulia nusu. "Bwana, mwanao yupo. Ameitikia asubuhi. Sasa hivi anakula."

Sikuamini. Akanipeleka hadi kwenye kioo cha chumba cha kulia. Kweli, yule pale, kipande cha piza mkononi, amezungukwa na wenzake, anacheka. Akainua macho. Akaniona. Kicheko kikakatika, akanitazama kama mtu anayemwona mtu anayefanana na mtu anayemfahamu, kisha kwa utaratibu kabisa akageuza sinia, akageuka nalo, akaendelea kula akinipa mgongo.

"Sasa nani hapatikani?" nikauliza.

Katibu akanielekeza nyuma ya jengo, kwenye ofisi ya chakula. Mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, fomu yangu iko mbele yake na ukurasa wangu wa daftari umebanwa vilevile.

"Ulikata simu," akasema. "Huyu wa darasa la kumi. Nimepiga sekondari zote mbili, hawana jina lake. Anasoma wapi?"

Nikaona jina la mpwa wangu. Joto likanipanda kuanzia kwenye kandambili.

"Morogoro."

"Hiyo iko kaunti gani?"

"Iko Tanzania, mama."

Akavua miwani.

Nilijitetea, na bado naamini utetezi wangu ulikuwa na mashiko. Nilimwambia fomu imesema tunaoshirikiana kipato, nami nina ushahidi wa miamala ya simu, mwezi kwa mwezi, na makato ya kutuma juu. Akanigeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye neno dogo kuliko yote. "Na," akasema. "Unayeishi naye *na* mnashirikiana. Yote mawili. Babu akiwa chumba cha pili, mwandike. Akiwa ng'ambo, hapana." Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ilisainiwa na Rais Truman mwaka 1946, na nadhani siku ile mezani kwake hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye shangazi wa mguu.

Akachukua kalamu nyekundu, akaanza kupiga mistari. Mpwa, shwaa. Mdogo wake, shwaa. Shangazi, shwaa. Mama mkwe, shwaa, sikusema neno. Alipofika kwa mama yangu nikamshika mkono.

"Mama, samahani. Huyo usimpige kalamu. Nipe fomu nyingine nianze upya."

Aliniangalia, akafungua droo, akanipa fomu mpya. Ile ya zamani akaikunja bila kumaliza.

"Lakini kuna hili jingine," akasema, na safari hii niliona midomo yake inahangaika. "Unafanya kazi gani?"

"Ghalani. Kupakia maboksi."

"Ghala la nini?"

"La viatu."

"Hapa umeandika unalipwa dola 138,650 kila wiki mbili." Akabonyeza kikokotoo kidogo kilichokuwa pembeni, mara ishirini na sita. "Milioni tatu, laki sita na elfu nne na mia tisa kwa mwaka. Na unaomba chakula cha punguzo."

Hapo akashindwa. Alicheka hadi miwani ikamrukia begani. Na mimi nikacheka, japo kwa tahadhari, kwa sababu ya lile fundo.

Kumbe senti hazitakiwi kabisa, ni dola nzima tu. Kumbe pia niliandika hela ninayoingia nayo mfukoni, wakati wao wanataka mshahara kabla ya makato, ambao kwangu ni 1,612. Na kila wiki mbili si sawa na mara mbili kwa mwezi: ya kwanza wanazidisha kwa 26, ya pili kwa 24. Ya mke wangu, ya kila wiki, kwa 52. Akajumlisha mbele yangu: 58,032, watu watano. Chakula cha bure mwisho wake ni asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, hapo tumepitiliza. Cha punguzo mwisho wake ni asilimia 185, hapo tumeingia. Bei hiyo ya punguzo haiwezi kuzidi senti 40 kwa chakula cha mchana na 30 kwa cha asubuhi. Lile deni la dola 41 na senti 30 likabaki langu, sikubishana.

Mke wangu alipata habari yote kutoka kwa kijana kabla sijaamka jioni. Hakunigombeza. Aliingia chumbani, akachukua kandambili yake, akatoka.

Nilipomsimulia dada yangu kwenye simu, mpwa alikuwa anasikiliza. Siku ya pili yake akanitumia ujumbe wa sauti, kwa nyuma kelele za bweni na vijiko kwenye sahani za bati:

"Shikamoo mjomba. Eti kwa siku tisa nilikuwa nasoma Marekani? Sasa ile piza yangu nani alikula? Maana huku leo makande. Jana pia."