Stonehenge ya Goba

Mjomba wangu, mpima ardhi mstaafu, anaamini kwamba waliojenga Stonehenge, ule mduara wa mawe makubwa ya kale huko Uingereza, walifundishwa kazi na watu wa pwani yetu, na jambo hilo ameliandika katika kitabu alichokichapisha kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Kitabu kina namba ya ISBN. Namba hiyo Maktaba Kuu hukipa kitabu chochote, kiwe cha hesabu au cha mapishi ya visheti, lakini Mjomba huionyesha kama mtu anayeonyesha hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Kwa haki yake, hakuanzia hewani. Mwaka 1967 Alexander Thom, mhandisi Mskoti aliyewahi kuwa profesa Oxford, alitoa vipimo vya miduara mingi ya mawe ya kale ya Uingereza, akadai kwamba wajenzi wake walitumia kipimo kimoja cha mita 0.829, ambacho alikiita yadi ya megalithi. Mjomba aliposoma kwamba kuna mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale, ila alikuwa na teodolaiti tu, ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia pembe, na ulimwengu ukamsikiliza, hakulala usiku ule. Teodolaiti yeye anayo.

Kilichobaki kilikuwa mawe, na hayo aliyapata upande wa Goba, hapa Dar es Salaam, katika kiwanja kisichojengwa: mawe 11, yaliyokaa katika umbo ambalo yeye aliliita yai na mimi niliona ni mstatili uliochoka. Kwa kuwa Thom naye aliona miduara yenye umbo la yai, hoja yangu ilifia hapo hapo. Mapengo kati ya jiwe na jiwe yalikaribia mita 0.83. Isitoshe, mawe 11 ukiyaunganisha mawili mawili unapata mistari 55, na mistari 55 haiwezi kukosa hata mmoja unaoelekea mahali pa heshima. Mmoja ulielekea linapochomoza jua la tarehe 21 Juni, mwingine Makka, na wa tatu, ambao haukuingia kitabuni, ulielekea baa. Nilipomuuliza kwa nini wasiwe Waingereza ndio waliotufundisha sisi, alinijibu kwa ukali kwamba Mjerumani Karl Mauch alipoyaona magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 aliyahusisha na Malkia wa Sheba, na wapo walioendelea kubisha hata baada ya mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kuthibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika. “Sasa na wao wakae kidogo na wasiwasi, mpwa wangu,” alisema.

Toleo la pili lilihitaji picha ya jua likichomoza juu ya mstari wake, kwa hiyo tarehe 21 Juni tulifika kiwanjani kabla ya alfajiri, mimi nikibeba kamba na fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, yeye akiikumbatia teodolaiti. Kule Stonehenge siku hiyo hukusanyika maelfu ya watu kulisubiri jua, na hakuna anayewauliza wametumwa na nani. Mjomba alipiga magoti kwenye jiwe la kwanza, akawasha tochi, akaanza kutaja nyuzi na dakika kwa sauti ya chini. Ndipo akapita mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua. Mkazi yeyote wa mji huu anajua kwamba mzee mwenye mashine ya miguu mitatu, anayenong'ona tarakimu gizani kwenye kiwanja kitupu, hatafuti ila mali iliyozikwa na Mjerumani. Mama yule hakupiga kelele; aliwapigia simu vijana wa ulinzi shirikishi.

Walipotuzunguka na kuuliza tunatafuta nini, Mjomba alijibu kwa utulivu kwamba tunasubiri jua.

“Limefichwa jiwe la ngapi?” kijana mmoja akauliza.

Katika ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti alidai barua ya utambulisho, na Mjomba akampa kitabu. Mwenyekiti alikifunua mbele na nyuma akitafuta mhuri. Alipoonyeshwa ISBN alikiri kwamba ni namba ndefu, lakini akasisitiza kwamba si mhuri. Mtu mwingine angeomba radhi na kwenda zake. Mjomba aliona ukumbi uliojaa watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kuondoka kabla ya kesi kwisha, akasimama na kuhutubia. Aliwaeleza kuhusu mawe makubwa ya Stonehenge yenye uzito wa tani zipatazo 25, mawe madogo yaliyotolewa milima ya Preseli huko Wales, umbali wa kilomita zipatazo 240, na lile Jiwe la Madhabahu la tani sita ambalo watafiti walisema mwaka 2024 kwamba lilitoka kaskazini-mashariki ya Uskoti, umbali usiopungua kilomita 700.

“Mzee,” alisema yule kijana, “tani sita zibebwe kilomita 700 bila lori, halafu unatuambia chini hamna kitu?”

Ukumbi mzima ukaguna kumuunga mkono, na hapo nikajua kwamba nadharia imepata wafuasi wake wa kwanza, ingawa si aliowakusudia.

Kesi iliokolewa na mama mwenye kiwanja, aliyekuja na kanga mbili na hasira ya kuamshwa. Alisema mawe yale ni msingi wa banda la kuku ambalo marehemu mumewe hakuwahi kulimaliza, na kwa kuwa hakuwa na futi kamba, alipima kwa hatua zake. Nilimgeukia Mjomba kwa matumaini, maana wapo waliompinga Thom kwa hoja hiyo hiyo, kwamba yadi yake huenda ni hatua ya kawaida ya mwanadamu. Mjomba alikuwa ameshatoa kalamu.

“Pole sana, mama. Marehemu alikuwa mwenyeji wa wapi?”

“Kilwa.”

“Pwani!” alisema Mjomba, akanitazama kwa ushindi ambao sijawahi kuusahau.

Tuliachiwa baada ya kuandika maelezo, na kitabu kikabaki ofisini kuwa kielelezo. Jua lilikwisha kuchomoza zamani, nyuma ya ghorofa ya jirani.

Usiku uliofuata watu wasiojulikana waling'oa mawe yote 11 na kuchimba katikati ya kiwanja shimo refu kuliko kimo cha mtu. Mama alilia, kisha akaulizia bei ya kuchimba choo, kisha akaacha kulia na kumwita fundi alijengee matofali. Toleo la pili limetoka, nami ndiye niliyelichapa kwenye kompyuta yangu. Limetabarukiwa kwa marehemu wa Kilwa, na ukurasa wake wa mwisho unasema kwamba hekalu la Goba liliharibiwa na wasaka hazina, sentensi ambayo, ukiondoa neno hekalu, sikupata pa kuibishia. Mama ametumiwa nakala ya bure. Ameomba nyingine ya fundi.