Faili linapotoroka nje ya folda: alaumiwe nani?

Jina la faili ndani ya zip au tar, yaani kifurushi cha faili nyingi, ni maandishi tu, na aliyetengeneza kifurushi huandika apendavyo. Akiandika `../../root/.ssh/authorized_keys` (kila `..` hupanda folda moja juu), programu ikaliunganisha na `/srv/pakia` bila kulikagua, faili linatua `/root/.ssh/authorized_keys`, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwenye mashine. Kama programu inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, mshambuliaji amejifungulia mlango.

Wanaosema mzigo ni wa mwandishi wa programu, si wa maktaba ya kufungulia vifurushi anayoitumia, wana hoja. Tar ilizaliwa kwa kazi ya nakala rudufu. Anayerejesha mfumo mzima anahitaji simlinki (faili linaloelekeza kwenye njia nyingine), umiliki wa faili na njia kamili. Ndiyo maana tatizo hili liliporipotiwa kwenye `tarfile`, maktaba ya tar ya Python, mwaka 2007, jibu lilikuwa onyo kwenye nyaraka. Kichujio cha kukataa faili hatari kilikuja na toleo 3.12 mwaka 2023, kikawa chaguo-msingi kwenye 3.14 mwaka 2025. Miaka 18 ya kutegemea watu wasome onyo!

Java inaonyesha matokeo yake. Maktaba yake ya kawaida hukukabidhi faili moja moja, kitanzi cha kuyafungua unaandika mwenyewe, na wengi hunakili cha mwenzao pamoja na kasoro zake. Hata wanaokagua huteleza: `startsWith` ya String (maandishi ya kawaida) huona `/srv/pakia-siri` iko ndani ya `/srv/pakia`, kwa kuwa herufi za mwanzo zinafanana. Ile ya Path (aina ya Java ya njia za faili) hulinganisha folda kwa folda, haidanganyiki hapo.

Simlinki ni mtego mbaya zaidi. Kipengele cha kwanza, `picha`, ni simlinki ya kwenda `/etc`. Cha pili ni `picha/cron.d/kazi`. Hakuna `..` popote. Ukikagua majina peke yake, vyote viwili vinapita, na `kazi` linatua `/etc/cron.d`, folda ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba.

Wanaomtupia mzigo mwandishi wa programu watakukumbusha kwamba kichujio cha Python nacho kilitobolewa mwaka 2025: njia ndefu kupita kikomo cha mfumo ilifanya ukaguzi uone mahali tofauti na pale faili lilipoandikwa. Ni kweli, ila tundu hilo lilizibwa mahali pamoja, si katika maelfu ya vitanzi vilivyonakiliwa. Kwangu, maktaba ikatae kwanza. Anayerejesha nakala rudufu ndiye aombe ruhusa waziwazi.

Kwenye Python ya 3.12 au 3.13, andika `extractall(lengo, filter='data')`. Kwenye Linux kuanzia 5.6, mwito wa mfumo `openat2` wenye `RESOLVE_BENEATH` huiachia kernel (kiini cha mfumo) ukaguzi wakati uleule wa kufungua faili.